Shajara ya mradi: kanzidata huria ya sumu katika chakula, unga wa lishe na pumba

8 Januari 2024. Lengo na mahali pa kuanzia

Sisi ni kikundi kidogo cha wasagishaji wa unga wa lishe na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa mkoani Dodoma, na mimi ndiye niliyesomea sayansi ya chakula. Tangu mwaka 2016, sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu wa nafaka, ilipoua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wanunuzi wakubwa wameanza kudai cheti cha maabara. Cheti hutaja namba moja na kusema mzigo umefaulu au haukufaulu. Hakisemi mtoto anayekunywa uji wa unga ule kila siku anapata dozi gani, wala dozi hiyo iko mbali kiasi gani na ile iliyoleta madhara kwa wanyama wa maabara. Jedwali tunalolitengeneza linakusudia kujibu maswali hayo mawili, kwa unga na kwa chakula cha mifugo, kwa namna ambayo msagishaji anaweza kuifuata hatua kwa hatua.

Vipimo vya sumu vya kulinganishia tunavichukua katika OpenFoodTox, kanzidata huria ya EFSA, yaani Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, yenye makao yake Parma, Italia. Ilitolewa kwa umma mwaka 2017 ikiwa na kemikali zaidi ya 4,000, na inakusanya matokeo ya tathmini ambazo EFSA imezichapisha tangu ilipoanzishwa mwaka 2002: utambulisho wa kila kemikali, majaribio yaliyoamua tathmini, kipimo cha kuanzia hesabu, na kiwango kinachovumilika kwa binadamu au mnyama. Inapakuliwa kutoka Zenodo, ghala huria la data mtandaoni, bila malipo na bila kujisajili, katika mafaili ya Excel. Hatukuichagua kwa kudhani kwamba Ulaya inakula kama sisi. Panya wa maabara aliyelishwa aflatoksini, sumukuvu ya mahindi na karanga, hajali kama mahindi yalitoka Kongwa au kaskazini mwa Italia. Tofauti yetu iko kwenye sahani, na sahani tutaipima wenyewe.

Vifaa ni kompyuta moja kuukuu na LibreOffice, programu huria ya ofisi yenye lahajedwali.

19 Januari. Namba za kemikali zilizogeuka tarehe

Kupakua kulikuwa kazi ya muda mfupi. Tatizo lilianza tulipotaka kuunganisha mafaili ya EFSA na orodha yetu ya viwango vya Afrika Mashariki kwa kutumia namba ya CAS, namba ya kimataifa ya utambulisho ambayo kila kemikali inayo moja tu. Tulihifadhi kila faili katika CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, ili liwe jepesi, kisha tukalifungua upya. Kemikali nyingi ziliungana vizuri, chache hazikuungana, na hakuna onyo lolote lililotokea.

Bisfenoli A, ambayo tulitaka kuijumuisha kwa ajili ya bidhaa za makopo, ina namba ya CAS 80-05-7. Programu ya lahajedwali iliisoma kuwa tarehe 7 Mei 1980 na kuihifadhi kama 29348, yaani idadi ya siku kwa kalenda ya ndani ya programu. Kafeini, yenye namba 58-08-2, ilipelekwa Agosti 1958. Aflatoksini B1, 1162-65-8, ilisalimika kwa sababu hakuna mwezi wa 65. Hatari yake ni hiyo hasa: namba nyingi hazifanani na tarehe, kwa hiyo faili linaonekana zima, na zinazopotea ni zile chache zenye sura ya siku, mwezi na mwaka.

Suluhisho lina sehemu mbili. Kwanza, wakati wa kufungua CSV, safu ya CAS itangazwe kuwa maandishi kabla ya kubonyeza sawa; kuibadilisha baadaye hakusaidii, kwa kuwa namba ya awali imeshapotea. Pili, tumeongeza safu ya uhakiki. Tarakimu ya mwisho ya kila namba ya CAS hutokana na zile zilizoitangulia: huzidishwa kwa 1, 2, 3 na kuendelea kuanzia kulia, zikajumlishwa, na tarakimu ya mwisho ya jumla ndiyo ya uhakiki. Kwa 80-05-7 hesabu ni 5×1, 0×2, 0×3 na 8×4, jumla 37, na kweli inaishia na 7. Safu hiyo ilikamata pia namba mbili tulizoziandika kwa mkono zikiwa na tarakimu zilizopishana, jambo ambalo macho yasingeliona.

6 Februari. Kemikali moja, mistari mingi

Hatua hii imekula muda kuliko zote, na nadhani ndiyo itakayomfaa zaidi atakayeinakili kazi hii.

Tulitegemea mstari mmoja kwa kila kemikali. Kanzidata haiko hivyo, na haikupaswa kuwa hivyo: ni kumbukumbu ya maamuzi, na maamuzi hubadilika. Jaribio letu la kwanza lilikuwa kuliambia jedwali lichague namba ndogo kuliko zote, kwa hoja kwamba ndogo ndiyo yenye tahadhari zaidi. Kwa aflatoksini B1, katika vipimo vya EFSA vya kuanzia hesabu, lilichagua 0.4 na kuiacha 170. Lakini 170 ya mwaka 2007 ilikuwa nanogramu kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, ilhali 0.4 ya mwaka 2020 ni mikrogramu. Ukizileta kwenye kizio kimoja, ya zamani ni mikrogramu 0.17, na hiyo ndiyo iliyo kali zaidi. Jedwali lilichagua kinyume kabisa cha tulichoagiza, likiwa na uhakika wote.

Tulipogeuza vizio vyote kuwa mikrogramu, swali la msingi lilibaki palepale: je, iliyo ndogo ndiyo iliyo sahihi? Namba zote mbili zinatokana na saratani ya ini kwa panya wa kiume. Ya 2020 imetokana na uchambuzi mpya wa takwimu. Maoni ya EFSA ya 2007 yalikuwa pia na nanogramu 870, iliyotokana na takwimu za binadamu. Hakuna sababu ya kisayansi ya kumchukua panya wa 2007 kwa kuwa tu namba yake ni ndogo. Tukabadilisha amri: chukua ya mwaka wa karibuni.

Amri hiyo ilifanya kazi vizuri kwa fumonisini, sumukuvu nyingine ya mahindi, ambapo kiwango kinachovumilika cha Ulaya kilishuka kutoka mikrogramu 2 mwaka 2003 hadi mikrogramu 1 kwa kilo ya mwili kwa siku mwaka 2018, kikijumuisha fumonisini B1 hadi B4 kwa pamoja. Ni vyema msomaji ajue kwamba JECFA, kamati ya wataalamu ya FAO na WHO, imebaki na mikrogramu 2. Wote wawili waligawanya kipimo cha wanyama kwa 100. Tofauti inatokana na namna walivyosoma maini ya panya.

Amri hiyo ilivunjika kwa kloripirifosi, kiuatilifu cha kuua wadudu. Mwaka 2014 EFSA iliweka kiwango cha miligramu 0.001 kwa kilo ya mwili kwa siku. Mwaka 2019 ilitamka kwamba haiwezi kuweka kiwango chochote salama, kwa sababu wasiwasi kuhusu madhara kwenye vinasaba haukuondolewa na kulikuwa na dalili za madhara kwenye ubongo wa mtoto anayekua. Mwanzoni mwa 2020 Umoja wa Ulaya ukakataa kuipa kibali upya. Sasa tamko la "hakuna kiwango" halina namba ya kujaza kwenye seli. Amri inayotafuta namba ya mwaka wa karibuni inaliruka tamko hilo na kurudi na ile ya 2014, ikiwa safi na yenye kuaminika machoni. Huo ni ukimya wa hatari kuliko kosa la wazi, kwa sababu kiuatilifu kilichonyang'anywa kiwango kinaonekana kuwa nacho.

Bisfenoli A inatufundisha upande mwingine wa jambo hilohilo. Mwaka 2006 kiwango chake kilikuwa mikrogramu 50, mwaka 2015 kikawa mikrogramu 4 kwa muda, na Aprili 2023 kikashuka hadi nanogramu 0.2, yaani mara 20,000 chini ya ile 4. Toleo lolote la faili lililokusanywa kabla ya maoni ya mwisho litakupa namba iliyokwisha kupitwa, bila kukudanganya kwa neno hata moja.

Kwa hiyo tumeacha kuchagua kwa amri. Kila kemikali iliyomo katika jedwali letu imechaguliwa kwa mkono, baada ya kufungua chapisho lenyewe kwa kutumia kiungo kilichomo katika kanzidata, na katika mstari wake tumeandika mwaka, mnyama, dhara lililoangaliwa, kigawanyo cha usalama na tarehe tuliyohakiki. Kemikali zimepungua sana kuliko tulivyotarajia mwanzoni. Sijutii.

1 Machi. Vizio: siku, wiki, mwezi, na kilo ya nini

Kadimiamu, metali nzito yenye sumu, ina kiwango cha Ulaya cha mikrogramu 2.5 kwa kilo ya mwili kwa wiki. JECFA inatumia mikrogramu 25 kwa mwezi. Ukizisoma harakaharaka, ya JECFA inaonekana kuwa kubwa mara 10. Ukizigeuza kuwa za siku, ni takriban 0.36 na 0.83. Tumeongeza safu inayogeuza vyote kuwa vya siku, lakini safu ya awali tumeiacha ionekane. Muda uliochaguliwa una maana: kadimiamu hujikusanya kwenye figo kwa miaka mingi, na siku moja ya kuzidisha haina uzito ule ulio nao mwezi mzima.

Upande wa mifugo mtego ni mwingine. Kwa wanyama, namba hutolewa mara kwa kilo ya uzito wa mnyama, mara kwa kilo ya chakula anachokula, na zote huandikwa mg/kg. Tulikaribia kumpa punda kiwango cha mara nyingi zaidi ya anachostahimili. Nimemtaja punda makusudi. Mwongozo wa Ulaya wa fumonisini katika chakula cha mifugo ni miligramu 5 kwa kilo ya chakula kwa nguruwe na jamii ya farasi, na miligramu 50 kwa ng'ombe wakubwa. Punda yumo katika jamii ya farasi, ambao fumonisini huwalainisha ubongo, na huku kwetu punda anayebeba maji hulishwa pumba ileile anayolishwa ng'ombe, bila mtu kufikiria. Jedwali sasa lina safu ya "kilo ya nini", yenye majibu mawili tu ya kuchagua.

26 Machi. Hesabu ya kwanza ya unga

Kwa sumu inayoharibu vinasaba, kama aflatoksini B1, hakuna kiwango kinachovumilika. EFSA hupima pengo: dozi iliyoleta madhara kwa panya inagawanywa kwa dozi ya mlaji. Pengo la 10,000 au zaidi huhesabiwa kuwa na wasiwasi mdogo kwa afya ya umma.

Tulimchukua mtoto wa kilo 12 anayekula gramu 100 za unga kwa siku, na unga wenye aflatoksini B1 mikrogramu 5 kwa kilo, ambayo ndiyo ruhusa ya juu ya kiwango cha Afrika Mashariki. Anapata mikrogramu 0.5, ambazo kwa kilo ya mwili ni 0.042. Ukigawanya 0.4 kwa 0.042 unapata pengo la 10 hivi, si elfu kumi. Mtu mzima wa kilo 60 anayekula gramu 400 za unga huohuo ana pengo la 12.

Mmoja wa wasagishaji alidhani fomula imevunjika. Tulirudia kwa kalamu na karatasi, na majibu yakawa yaleyale. Fumonisini nayo, kwa ruhusa ya juu ya miligramu 2 kwa kilo, inampa mtoto yule karibu mikrogramu 17 kwa kilo ya mwili, ilhali kiwango cha EFSA ni 1.

Maana yake si kwamba kiwango cha Afrika Mashariki kimewekwa kizembe. Ruhusa ya sumukuvu katika mahindi inapatanisha afya na ukweli kwamba mahindi ndiyo chakula chenyewe. Ukiishusha sana, mahindi mengi yatakosa soko rasmi na kurudi kuliwa na waliokosa pa kuyauza. Lakini jambo hilo linabadilisha maana ya neno "umefaulu" kwenye cheti. Mzigo uliofaulu unaruhusiwa kuuzwa, na msagishaji anayeweza kushuka chini zaidi ana kila sababu ya kufanya hivyo.

Kuna kitu ambacho pengo halikioni. Mwaka 1998 JECFA ilikadiria kwamba kwa kila nanogramu ya aflatoksini kwa kilo ya mwili kwa siku, saratani za ini huongezeka kwa 0.01 kati ya watu 100,000 kwa mwaka, na kwa 0.3 kwa wale wenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Ni mara 30. Yule mtu mzima wetu anapata nanogramu 33 hivi. Tumeweka mistari miwili, mmoja kwa mwenye virusi na mwingine kwa asiye navyo, badala ya wastani.

17 Aprili. "Haikuonekana"

Tulipeleka sampuli chache za unga wa lishe maabara, na majibu ya baadhi yakarudi na neno "haikuonekana". Kwanza tuliandika sifuri, na jedwali likatoa kosa la kugawanya kwa sifuri. Tuliushukuru usumbufu huo, kwa sababu ulitulazimisha kuuliza kipimo kile kinaanza kuona wapi. Jibu lilikuwa mikrogramu 1 kwa kilo.

Kwa mtu mzima yule wa gramu 400, unga wenye mikrogramu 1 kamili unatoa pengo la 60. Ili pengo lifike 10,000, unga ungepaswa kuwa na mikrogramu 0.006 kwa kilo, chini kabisa ya uwezo wa kipimo hicho. Kwa hiyo "haikuonekana" inaweza kuwa usalama, na inaweza kuwa macho mafupi ya kifaa. Tumefuata utaratibu wa EFSA wenyewe: safu mbili, moja ikichukua sifuri na nyingine ikichukua kikomo cha kifaa, na majibu yote mawili yanachapwa pamoja. Kila anayepeleka sampuli aulize kikomo hicho na kukiandika. Ripoti moja tuliyopewa haikuwa nacho, na ilibidi tuiache nje ya hesabu ingawa tulikuwa tumeilipia.

14 Mei. Pumba, mashudu na maziwa

Sumukuvu nyingi ya punje ya mahindi iko kwenye ganda na kiini. Ukikoboa kupata sembe, unga unakuwa na nafuu na pumba inabeba mzigo. Pumba inakwenda kwa ng'ombe, na sehemu ya aflatoksini B1 aliyokula inatoka kwenye maziwa ikiwa M1, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2, na kufikia 6 kwa ng'ombe wenye maziwa mengi.

Tulichukua ng'ombe anayekula kilo 4 za mashudu na pumba zenye mikrogramu 20 kwa kilo, na kutoa lita 8. Kwa asilimia 2, maziwa yanapata mikrogramu 0.2 kwa lita. Hiyo ni chini ya ruhusa ya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ya 0.5, na ni mara 4 ya ruhusa ya Ulaya ya 0.05. Wafugaji walishtuka, na pendekezo la kwanza lilikuwa kuhamishia fedha zote za vipimo kwenye maziwa.

Jedwali lilikataa. Mtoto wa kilo 12 anayekunywa robo lita ya maziwa hayo anapata mikrogramu 0.05 za M1, ambayo EFSA huihesabu kuwa na moja ya kumi ya nguvu ya B1. Pengo lake ni 960. Mtoto huyohuyo kwenye uji ana pengo la 10. Uji, na hasa karanga zilizomo kwenye unga wa lishe, unamletea mzigo mkubwa takriban mara 100 kuliko maziwa. Ubishi ulikuwa mrefu, kwa kuwa mfugaji hapendi kuambiwa asubiri, lakini hakuna aliyeweza kuonyesha hesabu tofauti.

10 Juni. Gharama na hali ilivyo

Data ya sumu haikutugharimu kitu zaidi ya shilingi 15,000 za intaneti. Nakala ya kiwango cha unga wa mahindi tuliinunua, na kuchapa fomu kulichukua shilingi 24,000. Fedha kubwa, shilingi 540,000, ilikwenda maabara, ikiwamo ile ya ripoti tuliyoiacha. Upungufu uliobaki hauko Parma hata kidogo. Gramu 100 za unga kwa mtoto na gramu 400 kwa mtu mzima ni makadirio yetu, na yakibadilika, pengo linabadilika nayo.

Kuanzia Julai, karanga zinachambuliwa kwa mkono kabla ya kusagwa, punje zilizosinyaa na zenye ukungu zinafukiwa badala ya kupelekwa kwa kuku, na sampuli zinachukuliwa baada ya kuchambua. Familia kadhaa zimekubali kupima unga wa uji kwa mizani ya jikoni kwa wiki nzima. Muhogo mkavu tumeuacha kwa sasa, kwa sababu sayanidi hupimwa kwa dozi ya mlo mmoja na jedwali letu limejengwa kwa dozi ya kila siku. Utahitaji karatasi yake.

Atakayelinakili jedwali abadilishe kwanza seli mbili za njano zilizo juu, uzito wa mlaji na kiasi cha unga, kisha aangalie tarehe ya uhakiki katika kila mstari. Mstari ambao tarehe yake imepita mwaka mmoja hugeuka mwekundu, na hautoi jibu mpaka mtu afungue chapisho na kulisoma upya.